Rangi ya Maji Chini ya Ukuta

Mimi ni mtu wa kuhakikisha. Nikifunga mlango wa nyumba yetu mjini, mtaa wa Mangobo, narudi kuujaribu, halafu narudi tena. Umeme sikuusomea shuleni. Nilijifunza kwa video za simu na kwa kuharibu redio za majirani. Kwa hiyo watu wa kijiji cha mama yangu, kwenye barabara ya Ubundu, waliponiomba niwaongoze kujenga turbini ndogo ya umeme kwenye kijito chao, nilipaswa kukataa. Nilikubali kwa sababu niliona aibu kusema naogopa.

Kazi waliifanya wenyewe. Wanaume walibeba mawe, wanawake walijaza mchanga mifukoni, mpaka ukuta ukasimama katikati ya kijito na kugeuza maji yapite kwenye mfereji hadi kwenye turbini. Taa ya kwanza ingewaka kituo cha afya, ambako wanawake walikuwa wanajifungua kwa mwanga wa tochi.

Jambo moja sikulifikiria. Kiangazi, wanawake wa pale huvua kwa kukausha maji: wanaziba sehemu ya kijito kwa udongo, wanachota maji kwa mabeseni mpaka samaki wabaki kwenye tope. Ukuta wangu, kwa kuzuia maji ya juu, ulikuwa umewapunguzia kazi. Asubuhi niliyofika kuukagua kabla ya kuwasha, niliwakuta chini yake, tope magotini, wengine na watoto mgongoni.

"Ingénieur, aksanti," alisema tantine, mdogo wa mama yangu. "Mwaka hii samaki ya ngolo iko nakuya yenyewe mu beseni."

Walicheka. Nilicheka pia, macho yakiwa ukutani. Ulikuwa unavuja kwa chini. Ukuta wa mifuko huvuja, na maji safi hayanitishi. Lakini mvua ilikuwa imenyesha huko juu, maji nyuma ya ukuta yamepanda, na pale penye kuvuja yalitoka na rangi ya chai ya maziwa. Maji ya namna hiyo yanabeba udongo wa ndani. Ukuta unaliwa tumboni.

Niliwaambia watoke.

"Samaki ndiyo inaanza kuonekana, na wewe unasema tutoke?" aliuliza mama mmoja mzee, bila kuacha kuchota. "Wewe mwenyewe ulisema ukuta iko nguvu."

"Nilisema, mama. Sasa sijui."

"Hajui," akawageukia wengine. "Courant ya umeme haijafika, tayari imemupiga mu kichwa."

Wakacheka tena. Nisingeweza kufungua mlango wa maji tuliouacha ukutani ili kupunguza uzito; yangewashukia wao. Nikaingia kwenye tope, nikasimama katikati yao, nikirudia neno lile lile: tokeni. Tantine akaacha kucheka, akanitazama.

"Unalia?"

Sikujua kama nalia.

"Bon," akawaambia wenzake, na kuinua beseni lake. "Tutoke. Ngolo haina miguu."

Walipanda ukingoni wakinung'unika. Nilipohakikisha hakuna aliyebaki, nilifungua mlango. Maji yakashuka kwa kishindo, yakabomoa vikuta vyao vya udongo na kuondoka na samaki wote. Ukuta wangu haukuanguka. Maji yalipungua, nao umesimama tu.

"Iko wapi ile kifo yako?" mama mzee aliniuliza.

Nitasema kweli: nilitamani ukuta upasuke. Niliyatazama yale mawe nikiyaomba yaporomoke, ili wanawake wale wajue sikuwanyang'anya chakula bure. Halafu nikajiogopa kuliko nilivyouogopa ukuta.

Baadaye tuliivunja sehemu ile ili tuijenge upya. Mifuko iliporomoka yote pamoja, kwa hiyo hakuna aliyeona kama ndani palikuwa na shimo.

Sasa taa inawaka kituo cha afya. Siku hizi wanawake hawashuki kuvua chini ya ukuta kabla tantine hajanipigia simu mjini. "Tushuke?" anauliza. Wakati huo niko Mangobo, siuoni ukuta, sijui jana mvua imenyesha kiasi gani huko msituni. Namwambia aangalie maji na kunieleza rangi yake. Ananieleza. Namwomba aangalie tena. Kisha, mara nyingi, nasema hapana.

Juzi nilipokataa tena, hakukata simu.

"Mutoto wangu," akasema, "alors tutakula nini?"

Nikamwomba aangalie maji mara nyingine. Lakini sikusema ndiyo.