Hodi kwa Wenyeji wa Dimbwi

Harufu ya salfa hainitoki puani. Mwezi wa sita ukiingia na mikorosho ikaanza kuchanua, upande wetu wa Nanganga hewa yote hubadilika. Alfajiri ni vumbi la njano la salfa, na ikija zamu ya dawa ya maji, ile ya kuua mbu wa mikorosho, hata uji wa asubuhi unauonja na dawa ndani yake. Wenzangu harufu hiyo huwakumbusha msimu mzuri, nguo mpya, pengine na baiskeli. Mimi hunikumbusha mama yangu, amefunga kanga mbili, tumbo limetangulia, ameinama juu ya dimbwi akisema hodi.

Kijito chetu ni kimojawapo kati ya vinavyoulisha mto Lukuledi, na kiangazi hukauka kikabakiza madimbwi hapa na pale. Letu lilikuwa chini ya mwamba, pana kama ua wa nyumba, na ndilo tulilokunywa. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Sisi bahari yetu ilikuwa hiyo. Mama hakuchota kabla ya kugeuza jiwe. Alifika, akatua ndoo, akasema, "Hodi, wenyeji," kisha akaingiza mkono taratibu na kuliinua jiwe moja la pembeni. Chini yake kulikuwa na mji mzima. Kaa wadogo wa rangi ya tope walikimbia upande, konokono weusi wamejigandisha, na wadudu wenye mikia mitatu myembamba kama nyuzi walijibanza wasionekane. Walikuwepo pia wale wanaojijengea vibanda vya chembe za mchanga, wakatembea navyo kama bibi harusi na sanduku lake. Mama aliwaita wote wenyeji. Wakiwepo, maji ni mazima. Ukikuta minyoo wekundu peke yao, maji yanaumwa. Ukikuta hakuna mtu, ubebe ndoo yako uende. Halafu alilirudisha jiwe vilevile lilivyokuwa, upande uleule, kwa sababu, alisema, hakuna anayependa kubomolewa paa na mgeni. Mimi nilimwona mama yangu ana mambo. Wenzangu walichota wakaondoka, sisi tunabisha hodi kwa konokono. Walinitania mpaka nikawa namwomba twende mapema, kabla hawajafika.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka kumi. Mama alikuwa na mimba ya miezi minane, na kabla yake nilikuwa peke yangu. Wawili waliotangulia hawakukaa. Kwa hiyo nyumba nzima ilikuwa inaliangalia lile tumbo. Baba hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini jioni nilimsikia akipiga randa ubao, na sikuhitaji kuambiwa kwamba anatengeneza kitanda kidogo. Mimi nilikuwa nimeshachagua jina la mdogo wangu na nimemficha kila mtu asilijue.

Siku hiyo baba alimaliza kupulizia mikorosho ya juu, akanikabidhi bomba la mgongoni nikalioshe. Amri ilikuwa ileile ya siku zote: chota maji kwa ndoo, uoshee kule kwenye kichuguu, na ya mwisho umwage kwenye shimo. Kutoka dimbwini hadi kichuguuni ni kupanda, na kuosha kunataka ndoo tatu. Jua lilikuwa kali, miguu imechoka, na mtoto wa miaka kumi ana akili ya kujidanganya kuliko mtu mzima. Nikajisemea, maji yote haya na kadawa haka, kataonekana wapi? Nikalibeba bomba hadi dimbwini, nikalizamisha, nikalitikisa, nikalimwaga. Maji yakawa meupe kama maziwa. Nikangoja. Weupe ukatawanyika, ukafifia, ukaisha, maji yakang'aa kama kawaida. Nikarudi nyumbani naimba.

Asubuhi tuliwakuta kaa nje. Wametoka majini wenyewe, wamepanda mchangani, wengine wamekufa, wengine miguu bado inacheza pole pole. Samaki wadogo wameelea matumbo juu, na watoto wa jirani wameshaanza kuwaokota. Mama aliwafukuza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Alikuja pembeni, akasema hodi, akageuza jiwe. Akageuza la pili, na la tatu. Wadudu wa mikia mitatu walikuwa wamelala, na vibanda vya mchanga vipo ila wenyewe hawapo. Maji yenyewe yalikuwa maangavu, mazuri kuyatazama. Mama alikaa chini kwenye mchanga, mkono juu ya tumbo, akasema, "Nani amewaua hawa?"

Jioni aliuliza tena, wote watatu tukiwa mbele ya sahani ya ugali na kisamvu. Baba akanigeukia. "Wewe bomba uliliosha wapi?" Nikajibu, "Kichuguuni, baba." Nilijibu haraka na macho makavu, na wakaniamini, maana sikuwa na historia ya uongo. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo, kwamba waliniamini.

Baada ya hapo wengi waliendelea kulichota lile dimbwi, wakisema dawa imeshapita. Mama alikataa. Nyumba isiyo na wenyeji hainyweki maji, alisema, na mimba yangu hii siipi maji ya mauti. Akawa anakwenda kisima cha ng'ambo ya kilima, mwendo wa saa nzima kwenda tu, ndoo kichwani, tumbo mbele. Nilimfuata na kindoo changu. Kila siku nilipanga kumwambia tukifika kwenye mwamba, na tukifika kwenye mwamba nikapanga tukifika kisimani. Siku ya kumi na tatu, kwenye mteremko wa kokoto, mguu ulimteleza. Ndoo ilitangulia, yeye akafuata. Aliinuka mwenyewe, akajipangusa, akaniambia nisimwambie baba. Usiku uliofuata mdogo wangu alizaliwa, wa kiume, na hakulia.

Watu walisema ni kazi ya Mungu, na mimi sibishani na Mungu. Ila mteremko ule naujua, na najua kwa nini tuliupanda. Baba alikivunja kitanda, mbao zikawa mlango wa banda la kuku. Jina nililomchagulia mdogo wangu sijampa mtoto wangu yeyote. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wa kwangu amekua, ameoa, anakaa na mimi nyumba moja.

Maisha yalinipeleka Lindi, mahali Lukuledi unapoingia baharini. Huko niliwahi kupata kibarua cha kuwabebea ndoo wataalamu wa maji. Walichota tope la chini kwenye mdomo wa mto, wakalichekecha, wakawa wanawatazama minyoo, kaa na chaza mmoja mmoja, na kuandika. Nikauliza kazi hiyo ni ya nini. Kijana mmoja wao, mwenye subira, akanieleza kwamba wanaoishi chini hawawezi kukimbia, kwa hiyo ukitaka kujua afya ya maji waulize wao. Nililia pale pale, miguu ndani ya tope, na yule kijana akadhani nimekatwa na chaza.

Mwaka jana nilirudi nyumbani msimu wa dawa. Baba ametangulia mbele ya haki. Mama macho yameingia ukungu, anaona mwanga tu. Maji ya kunywa siku hizi yanatoka kwenye mfereji karibu na shule, hakuna anayegeuza jiwe. Aliomba nimpeleke dimbwini, nikampeleka kwa kumshika mkono. Niliyoyakuta sikumwambia mara moja. Vijana wanaoshea mabomba yao pale, na pikipiki, na chupa tupu za dawa zimejaa mchangani. Lile nililolifanya kwa kujificha sasa linafanywa mchana kweupe, watu wanapiga soga.

Mama akasimama pembeni, akasema, "Hodi, wenyeji." Vijana wakatazamana, mmoja akacheka. Mama akaniambia nimgeuzie jiwe. Nikaingiza mkono, nikaliinua.

"Wapo?"

Chini palikuwa na tope jeusi, basi. Uongo wa kumfurahisha ulikuja mdomoni kwa urahisi uleule wa utotoni. Nikaumeza.

"Hawapo, mama. Na wale wa mwaka ule niliwaua mimi. Bomba nililiosha hapa."

Mkono wa mama ulikwenda taratibu mpaka tumboni, ukakaa pale. Nilingoja anitukane, ningeshukuru.

"Jiwe umelishika bado?" aliuliza.

"Nimelishika."

"Lirudishe kama lilivyokuwa."

"Mama, hakuna mtu humu."

"Lirudishe," alisema. Nikalirudisha, upande uleule, nikamshika mkono tukaanza kupanda.