Uji Niliouogopa

Kila nikisikia harufu ya mwarobaini unaochemka, namwona mdogo wangu mkekani, mwili moto, hata kulia hawezi tena. Ilikuwa Kwaresima. Nilifunga ili apone, hata mate niliyatema, kama nilivyowaona watoto wa majirani zetu Waislamu wakati wa Ramadhani. Niliamini nikikosea tu, atakufa.

Mchana mama akanisogezea uji. "Kunywa."

"Nikinywa atakufa, mama!"

"Ebo! Kumbe wewe ndiye unayempa pumzi?" Sauti ikamkatika. "Mimi mwenyewe nimeshindwa, mwanangu. Tumwachie Mungu. Haya, kunywa."

Nikanywa huku nalia, kila funda nikitazama kile kifua kidogo kikipanda na kushuka. Nikamwomba Mungu kiendelee, hata bila mimi.