Fyuzi Imo Mfukoni mwa Kamaludin

Saa tatu asubuhi jua la Majengo limeshaanza kuuma, na Kamaludin Taib amelala chali juu ya gunia, nusu ya mwili chini ya Land Rover nyeupe, nusu nje. Kinachoonekana ni miguu tu, na ndara zake zenye kamba za rangi mbili. Wapita njia wanairuka na vikapu vyao.

Anatoka, anajipangusa mikono, anapanda ngazi fupi ya nyuma ya gari na kukaza nati ya mwisho ya taa aliyoitengeneza mwenyewe. Kisha anashuka. Kazi imekwisha, lakini taa haiwaki. Haiwaki kwa sababu fyuzi yake imo mfukoni mwa shati la fundi, na fundi amesema haitoki humo.

"Waambie hivyo hivyo," anamwambia muuguzi Mirriam, aliyeketi kivulini juu ya kreti ya soda. "Kamaludin amekataa. Ile karatasi ya getini iletwe hapa, niishike kwa mkono wangu. Hapo ndipo fyuzi itaingia."

Gari hili ni la ofisi moja ya huduma za afya mjini Mombasa. Siku tatu kwa wiki hupeleka chanjo na matibabu vijijini, mbele ya Mariakani, na leo lina safari saa saba. Huko kina mama huanza kutibiwa alasiri, na jua likitua bado wamo kwenye foleni. Wauguzi hufanya kazi nyuma ya gari, mlango ukiwa wazi. Bila taa ya nyuma, sindano huchomwa kwa kubahatisha.

Na kwenye geti la ofisi hiyohiyo, kwa miezi mitano sasa, imebandikwa karatasi yenye jina la mtu aliyewapa taa hiyo. Imebandikwa kama picha ya mwizi.

Kamaludin ana umri wa miaka 54. Ni mzaliwa wa Kibokoni, Mji wa Kale, na umeme wa magari alianza kujifunza mwaka 1961 katika karakana ya fundi mmoja wa Kihindi. Hapa Majengo yupo tangu 1979, kwenye kibanda cha mabati anachokilipia kodi ya shilingi 600 kwa mwezi.

"Taa ya dukani ni nzuri, sikatai," asema. "Lakini bei yake wanunua mbuzi wawili. Na kioo kikivunjika huko porini, utakipata wapi?"

Taa yake huanza na sufuria ya alumini ya upana wa shibiri, anayoinunua nyuma ya soko la Marikiti. Huisugua ndani kwa majivu na ndimu mpaka aone ndevu zake. Balbu ya taa kubwa ya gari huingizwa ubavuni, mbele hutiwa kioo kinene chenye ukanda wa mpira wa tyubu, na chini hutobolewa kitundu kimoja cha kutoa maji. Kutoka kwenye betri taa hupewa waya wake, fyuzi yake na swichi yake, pamoja na kitaa chekundu mbele ya dereva ili asisahau kuizima akampofusha anayemfuata.

Lakini alama ya kazi yake ni uzi. Mafundi wengine hufunga nyaya kwa utepe mweusi. Yeye huzifunga kwa uzi wa kushonea kofia, uliopakwa nta, fundo moja kila baada ya vidole vinne. Alifunzwa na mamake, marehemu, aliyelea watoto sita kwa kushona kofia.

"Utepe ukipata joto, gundi hutoka ikawa kama asali," asema. "Uzi wa mama haulegei. Gari lolote n'loligusa, hata ipite miaka kumi, nikiona fundo nalijua."

Fundo hilo lingetosha kumwokoa, laiti angekuwepo mtu wa kulitazama.

Mwezi wa Januari, Land Rover hii, iliyokuwa tayari na taa yake ya sufuria, ilifuka moshi njiani ikirudi kutoka safarini. Wauguzi waliruka chini, na dereva aliungua mkono akichomoa nyaya. Alhamdulillahi, hakuna aliyekufa. Gari lilikokotwa mpaka mjini, na siku ya pili yake mkosaji alikuwa ameshapatikana. Nani mwingine? Fundi wa taa ya sufuria, bila shaka!

Hakuna aliyekuja Majengo kumuuliza. Hata mmoja! Hakuitwa, hakuonyeshwa waya. Afisa wa usafiri wa ofisi hiyo, Bwana Nicodemus, alichukua kalamu nene nyekundu akaandika kwa mkono wake: KAMALUDIN TAIB, FUNDI WA MAJENGO, ASIGUSE GARI LA OFISI HII. KAZI YAKE NI HATARI. Ikabandikwa getini, kwenye njia ya watu.

Kabla ya karatasi hiyo, Kamaludin alipokea magari manne au matano kwa wiki. Baada yake, zipo wiki ambazo halikuja hata moja. Madereva walikuwa wakipita mbele ya kibanda wakinong'onezana kwamba huyo ndiye mchoma magari. Binti yake wa kidato cha tatu alikaa nyumbani muhula mzima.

"Mtu akinipiga kofi n'taweza kumsamehe," asema. "Lakini jina? Jina n'lipewa na babangu. Wao wamelitoa wapi hata walitundike ukutani?"

Kule porini nako, sufuria ilipong'olewa, wauguzi walirudi gizani.

"Nilikuwa nang'ata tochi kwa meno," asimulia Mirriam. "Mate yananitoka, mtoto analia, mamake amemshika, na mimi nautafuta mshipa. Nikasema, huyu fundi wa Majengo lazima nimtafute nimpe maneno yake."

Mwezi wa Aprili alizitoa stoo zile nyaya zilizoungua, akazitia katika mfuko wa plastiki, akaja. Kamaludin anacheka akikumbuka. "Alifika hapa amefura! Hata salamu hakunipa. Alinimwagia nyaya mezani, akaniambia, 'Haya, baba, tazama kazi yako.'"

Akatazama. Kutoka kwenye betri, mafundo ya uzi yalikuwa yamepangana vilevile, meusi kwa moshi lakini mazima. Kisha yakakoma. Mtu aliukata uzi kwa kisu, akachubua waya, akaunga nyaya mbili nyingine na kuzizungushia utepe. Utepe ulikuwa umelegea, nyaya zimegusana. Na ile fyuzi, inayopaswa kukatika ili gari lisiungue, ilikuwa imevikwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, isikatike kabisa.

"Karatasi ya sigara!" Kamaludin anapaza sauti mpaka muuza maandazi wa jirani anageuka. "Fyuzi yakwambia hapa pana hatari, nawe waiziba mdomo! Kisha mchoma gari ni mimi?"

Mirriam alizirudisha nyaya ofisini, akaonyesha fundo kwa fundo. Jibu alilopewa ndilo alilopewa mwandishi wa gazeti hili alipomfuata Bwana Nicodemus: "Suala hilo tumelifunga. Sioni haja ya kulifukua." Walifunga suala, karatasi wakaiacha wazi!

Wiki iliyopita Mirriam na wenzake waligoma kusafiri bila taa. Ofisi ikakubali fundi arudi, kwa sharti moja: asiandike jina lake popote kwenye gari. Ubavuni mwa taa zake zote huwa amekwaruza jina lake kwa msumari, na hilo walikuwa wakilijua.

Sharti hilo ndilo lililomtia fundi fyuzi mfukoni. "Miezi mitano jina langu liko getini, kila apitaye alisome," asema. "Leo kwenye kazi yangu ndipo halifai? Subhanallah! Aliyeibandika na aje aibandue."

Hapo ndipo dereva wa gari, Kahindi, aliyekuwa ameegemea boneti asubuhi nzima, anaposogea. Kiganja chake cha kulia kina kovu linalong'aa.

"N'libandika mimi, mzee wangu," asema.

Mirriam anasimama kutoka kwenye kreti.

"Na redio ya kaseti na feni n'liunga mimi. Bwana Nicodemus alisafiri nasi, akaona joto, akazitaka. Fyuzi ikawa haishi kukatika, n'kaivika ile karatasi. Gari lilipoungua, akaniambia bandika, n'kabandika. Nina watoto wanne, mzee."

Kamaludin anamgeukia. "We Kahindi. Chai yangu umekunywa mara ngapi hapa?"

"Nyingi."

"Na wakati wote huo wajua?"

"Najua."

"Basi nenda. Miguu unayo."

Kahindi anaondoka kwa miguu, mikono nyuma. Fundi anachukua kitambaa na kuanza kuifuta taa ambayo haina vumbi.

Karibu na saa sita Kahindi anarudi na karatasi, pembe moja imechanika, chokaa ya ukuta imeganda nyuma yake. Askari wa getini alimuuliza anaibandua kwa amri ya nani, akamjibu, kwa amri yangu. Bwana Nicodemus alikuwa dirishani, akavuta pazia. Kama kazi bado anayo au hana, Kahindi hajui. "Lakini leo n'talala," asema.

Kamaludin anaipokea karatasi kwa mikono miwili. Anaisoma polepole, mstari kwa mstari, kana kwamba hajapata kusimuliwa yaliyomo.

"Angalau wameandika vizuri," asema mwishowe. "Herufi zote zimo. Hata kwenye kitambulisho walinikosea."

Kisha anapanda ngazi, anafungua nati mbili na kuishusha taa. Anailaza kifudifudi mapajani mwa Mirriam, anaiweka karatasi juu ya kitako cha sufuria, sehemu yenye jina ikae katikati, anaifunga kwa uzi wa kofia isiteleze. Anachukua msumari butu na nyundo ndogo, anaanza kuifuata herufi ya kwanza, nukta kwa nukta, akigonga taratibu asije akatoboa.

"Mzee, si walisema usiandike?" Mirriam anamkumbusha huku akicheka.

"Nami siandiki, mwanangu. Wameshaandika wao."

Saa saba kasoro robo taa imerudi mahali pake, fyuzi imeingia, na kitaa chekundu kinawaka mbele ya Kahindi. Anakizima, anamtazama fundi. "Fyuzi ikikatika n'takuletea," asema, kabla hajaulizwa. Gari linaondoka, na kitako cha sufuria kinang'aa juani kwa nukta mpya: KAMALUDIN TAIB, FUNDI WA MAJENGO.

Msamaha hakuna aliyemwomba kutoka ofisini, wala hangoji. Anaikunja karatasi mara nne, anaitia katika mfuko uleule ilimokuwa fyuzi. Haitupi, asema. Ameshaagiza sufuria sita Marikiti, na kila moja itapita chini ya karatasi hiyo mpaka wekundu wake ufutike wote.