Tumbo la Vitenge Ndani ya Salon ya Wakubwa

Kama umewahi kusikia pale Bunia watu wakimwita mzee mmoja "Honorable" kisha wakageuza uso ili wacheke, basi mzee huyo ni mimi, na sijawahi kugombea kiti hata cha kanisani. Jina hilo nililipata kwa siku moja, kwenye uwanja wa ndege, wakati wa vita. Nitawaeleza nililipataje, na mkitaka kucheka chekeni, kuna sehemu mimi mwenyewe nacheka, ila mkifika mwisho msinifariji kwa kusema ilikuwa ni vita. Vita haikunituma.

Risasi zilikuwa zimeanza kuingia mtaani kwetu, na bibi yangu wa ndoa, Mama Furaha, akauza cherehani yake ili tupate tiketi mbili za kwenda Beni, kwa binti yetu, Furaha. Ndege yenyewe ilikuwa kuukuu, ya kubeba samaki na mafuta, ikikosa mizigo inabeba watu. Kabla ya kupanda, mabegi yalipimwa kwenye mizani ya kahawa, na likizidi kidogo tu vitu vyako vinatupwa pale pale kwenye majani. Lakini mtu mwenyewe hapimwi, anahesabiwa kichwa basi. Kwa hiyo kila aliyekimbia Bunia kwa ndege alivaa kabati lake lote mwilini. Ungewaona watu waliokonda kwa njaa ya vita wakitembea kuelekea uwanjani wamevimba kama magunia.

Mimi nilivaa suruali mbili, mashati sijui mangapi, makoti matatu, lile jeusi la harusi likiwa juu, na kravati (kravati haina uzito, hiyo niliivaa kwa majivuno tu). Na tumboni Mama Furaha alinizungushia vitenge vyake, vile vizuri, vya mahari yake na vya mahari ya Furaha, ambavyo mwanamke wa kwetu huvificha chini ya sanduku kama wengine wanavyoficha dhahabu. Akavikaza kwa pini, akanipiga kofi la tumbo, akacheka.

"Baba Furaha, leo uko mukubwa! Chunga, usiangushe bitenge yangu."

Neno hilo lilinikaa vibaya kichwani. Mnielewe, maisha yangu yote nilikuwa karani kwa wanunuzi wa kahawa, mtu wa kuambiwa ngoja kwanza, rudi kesho, kaa pale.

Uwanjani watu walikuwa wamejaa kwenye jua, wanawake wamekalia mabeseni, watoto wanalia. Pembeni kulikuwa na chumba kimoja chenye pazia, mlangoni kimeandikwa Salon V.I.P. Nani aliruhusiwa kuingia? Karatasi ya sheria sikuiona. Sheria ilikuwa macho ya bwana wa protokoli, yaani mpokea wageni wa heshima, mrefu, mwenye beji shingoni, na macho hayo yalipima tumbo kwanza, halafu kravati, halafu viatu. Siku hiyo walikuwa wanangojea wajumbe wa kwenda kwenye mazungumzo ya amani, na yule bwana alikuwa anazunguka kwa wasiwasi mpaka macho yake yakaangukia tumbo langu.

"Honorable! Pole sana, wamekuacha apa katikati ya raia? Delegasyo bado haiyafika. Kuja ungojee mu salon."

Hapo ndipo nilipaswa kusema, papa, umekosea, mimi ni karani na tumbo hili ni la bibi yangu. Si maneno mengi. Nikasema, "Asante."

"Baba Furaha, weye unaenda wapi?" bibi yangu akauliza.

"Nakuja sasa ivi. Chunga mizigo."

Ndani kulikuwa na makochi yenye vitambaa vya kufuma, feni inayozunguka kwa jenereta, chai, biskuti kwenye sahani. Mabwana wawili waliokuwa wamekaa waliinuka (waliinuka, kwa ajili yangu!) wakanipa mkono, na mmoja akaniuliza naonaje hali ya nchi. Nikamjibu kwamba hali ni nzito lakini tutafika, na yeye akatikisa kichwa kama mtu aliyepata habari. Jasho lilikuwa linanitiririka kutoka koti la chini kabisa, feni haikulifikia, lakini nilikunja mguu juu ya mguu (kwa suruali mbili hiyo si kazi ndogo) nikapokea kikombe, na nawaambia kweli, chai ile ilikuwa tamu kuliko chai zote nilizowahi kunywa.

Sijaimaliza, mlango ukafunguka. Mama Furaha alikuwa amesimama pale, beseni la sufuria kichwani, sandali mkononi kwa sababu moja ilikuwa imekatika, kitenge kilichopauka kiunoni, kwa kuwa vizuri vyote nilikuwa nimevivaa mimi.

"Baba Furaha, wanaanza kupandisha watu. Twende!"

Bwana wa protokoli akamzuia kwa mkono. "Mama, apa hapana kuingia. Honorable, unamujua uyu mama?"

Wale mabwana wawili wakanitazama. Nilitazama sandali ile mkononi mwake. Nikasema, na sauti ilikuwa nzito, ya kikubwa, sijui niliitoa wapi:

"Iko mama wa kunibebea mizigo. Mwambieni angojee inje."

Alinitazama, akatazama lile tumbo, akashuka ngazi. Nilijiambia nimalize kikombe tu, nitoke kwa heshima, nimfuate kwenye ndege, huko nitamwomba radhi. Nilipoinuka, yule bwana alikuwa mlangoni.

"Honorable, sasa hapana kutoka. Delegasyo iko nafika, askari wamefunga njia."

"Naenda kidogo tu, papa."

"Hapana kutoka, Honorable. Iyo njo sheria."

Kumbe salon ile ilikuwa na sheria moja iliyo wazi, nayo haikuwa ya kuingia. Kwenye dirisha niliona watu wetu wakipanda mmoja mmoja. Yaliyotokea kule alinieleza mwenyewe baadaye. Mtu wa ndege aliita jina langu, akaita tena, bibi yangu akamjibu, "Ule amepata ndege ingine," na akampa kiti changu mama mmoja kutoka Gety aliyekuwa na mtoto mgongoni. Kiti hicho sijawahi kukilalamikia.

Ndipo mkubwa wa ujumbe akaingia na askari wake. Akasalimia, akafika kwangu, akanitazama.

"Na weye, uko wa upande gani?"

Wakati ule swali hilo watu waliuawa nalo. Kila kikundi kilikuwa na upande, na mimi nilikuwa na tumbo tu. Nikasema, "Mimi niko wa... wa Beni. Naenda kwa mutoto yangu." Wale mabwana wawili wakasogea mbali na kochi langu. Askari akanigusa tumboni, akahisi kitu kigumu (ilikuwa pini), akaruka nyuma na bunduki.

"Ana kitu! Toka inje! Vua!"

Nikavua kwenye baraza, mbele ya watu wote waliokosa ndege. Koti la kwanza. Chini yake koti. Chini yake koti. Mwanamke mmoja akacheka, halafu watu wote, watu ambao walikuwa wamezika ndugu wiki ile ile. Askari akashika ncha ya kitenge akavuta, na mimi nikawa nazunguka kama pia, kijani, njano, bluu, na kila mzunguko mtu anapiga kelele, "Honorable! Honorable anajifungua!" Nilipomalizika kuzunguka nilikuwa mzee mwembamba mwenye kravati, na ndege ilikuwa inakimbia juu ya changarawe. Mama Furaha alikuwa dirishani. Aliniambia kwamba abiria wote walicheka, wakamwuliza kama anamjua mtu yule, naye akawaambia hapana.

Askari alikunja vitenge vizuri kwenye mkono wake, akasema vinabaki kwa ukaguzi. Labda bado vinakaguliwa.

Mapigano yalirudi siku chache baadaye, nyumba yetu ikachomwa, nami nikalala miezi chini ya hema la plastiki katika kambi ya waliokimbia, pale pale karibu na uwanja wa ndege, na kila asubuhi niliuona ule mlango wenye pazia. Barabara ilipofunguka Mama Furaha alirudi. Tuliishi pamoja, tulilima, alinipikia. Lakini hakuniita tena Baba Furaha. Aliniita Honorable, kama wengine, bila kucheka.

Halafu akaugua. Hospitalini, saa ya kuona wagonjwa ikiisha, anabaki ndugu mmoja tu, na jioni moja muuguzi mpya alinikuta kando ya kitanda cha Mama Furaha na kikombe cha uji.

"Mama, unamujua uyu muzee?"

Alinitazama, akatazama kikombe.

"Uyu? Iko mutu wa kunibebea mizigo."

"Basi papa, pole, ungojee inje."

Nilitoka. Ningebisha nini? Mlango ukafungwa, nikakaa kwenye benchi na uji wangu, nikauona mlango kutoka upande ambao yeye aliuona siku ile. Uji ulikuwa bado moto niliposikia sauti yake, kavu, imechoka:

"Mwite. Ule njo bwana yangu. Bitenge yangu alipoteza, lakini mwite."

Nikaingia. Alifungua kinywa, nikamlisha.

Kama alinisamehe sijui, sikuuliza. Najua kwamba yeye aliniita uji ukiwa moto, na mimi siku ile sikumwita, ndege ikiwa bado imesimama. Tangu hapo, kwenye harusi, kwenye kilio, popote wanaponiambia muzee, pita mbele, kuna kiti chako, nauliza kwanza kama kuna nafasi ya Mama Furaha. Wanatazamana, wananong'ona kwamba Honorable amezeeka, amesahau tulimzika. Sijasahau. Nauliza, nafasi yake haipo, na mimi nabaki nje.