Wali Unaotembea

Kutoka Nachingwea hadi Kibiti nilitumia siku tano, na tatu kati ya hizo nilikuwa nimekaa juu ya gunia la korosho, ng'ambo ya kusini ya mto Rufiji, nikisubiri pantoni itengenezwe. Fundi wake alikuwa ng'ambo ya kaskazini. Naye alikuwa anasubiri pantoni imvushe aje kuitengeneza.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, cheti cha kidato cha nne, na maneno kama arobaini ya Kitaliano niliyoyaokota nikiosha vyombo misheni. Zilikuwa zile enzi za ruksa, kila mtu na biashara yake mpya, na Mtaliano mmoja alikuwa ameleta boti Nyamisati awatembeze watu wa kwao kwenye matawi ya mto. Alitaka mtu wa kumfasiria jikoni. Maneno arobaini yakatosha.

Kwenye karatasi aliyowapelekea wageni kwao, aliahidi viboko, mamba, na kila siku chakula cha mkoa mmoja wa Italia. Viboko na mamba hawakutusumbua.

Mpishi alikuwa mama mmoja wa Ruaruke, mjane, nikimwita shangazi. Harusi za huko zote alipika yeye, maana wali wake ulichambuka punje kwa punje, na mtu aliweza kuula kwa mkono asibaki na kitu kidoleni. Ijumaa ya wiki ile ya safari yetu ya kwanza, tukirudi tu, alikuwa apike harusi ya mpwa wake, na wakwe walikuwa watu wa Ikwiriri, wenye midomo.

Siku ya kwanza ilikuwa zamu ya kaskazini ya Italia. Nikamweleza: unga wa mahindi, maji, chumvi, unasonga.

"Si ugali huo?"

"Ndiyo, shangazi, ila wao wanauita polenta."

Fundi wa injini ya boti alicheka hadi spana ikamponyoka ikazama mtoni. "Ati wamepanda ndege kuja Rufiji kula ugali!"

Siku ya pili ilikuwa ya Sisilia: biringanya zenye siki na sukari, zilizopikwa jana yake zikaachwa zipoe. "Hata kiporo chao kina mkoa," alisema shangazi, akaendelea na kazi.

Siku ya tatu ilikuwa ya Venisi, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Risoto. Mtaliano aliingia jikoni mwenyewe, akaeleza kwa Kiswahili chake: mchele usifunikwe, usipaliwe makaa, ukorogwe bila kuacha hadi ulainike. "Lazima utembee kwenye sahani!" alisema, akipunga mkono kama wimbi.

Shangazi akanigeukia. "Wali unaotembea? Unakwenda wapi?"

"Anataka uwe laini, shangazi."

"Bokoboko?"

Pwani kuna bokoboko la ngano na nyama, chakula cha heshima. Lakini wali ukiitwa bokoboko, hilo ni tusi la mpishi.

"Mwambie sipiki. Ijumaa nitamtazama nani usoni?"

"Bado kuna wino," nikasema polepole. "Wa ngisi. Wali unatakiwa uwe mweusi."

"Wino! Huu wali au daftari?"

Mtaliano alishika kichwa. Wageni wameahidiwa Venisi, akasema, na wasipoipata, boti haitatoka tena. Shangazi alifikiri, kisha akanipa mwiko.

"Nitakuelekeza. Ila anayekoroga ni wewe, na ukiulizwa, umepika wewe. Umesikia, mwanangu?"

Nilisikia. Nikakoroga mpaka mkono ukafa ganzi, yeye akiwa amenipa mgongo, akiamuru: "Ongeza mchuzi. Koroga. Mungu atusamehe. Koroga." Wageni walikula, mmoja akafuta machozi akisema kijijini kwao hawaupiki hivi tena.

Mchana ule tulitia nanga kwenye kijiji kimoja cha mtoni kuchukua maji. Wanawake watatu walipanda kuuza kaa, wakachungulia sufuria. Kisha mmoja, aliyekuwa akimjua shangazi, akauliza taratibu, "Dada, nani kapika hii?"

Shangazi aliangalia maji. Nikaona mkono wake umeshika ncha ya kanga.

"Mimi," nikasema. "Nilikoroga."

"Ulikoroga wali?"

"Na nikatia wino."

Ijumaa harusi ilipikwa, wakwe wakala, hawakupata la kusema. Lakini habari zangu zilikuwa zimeshafika Kibiti kabla yangu. Mama ntilie wa stendi alinikataza nisisogee karibu na jiko lake. Watoto waliniita Bokoboko. Nilivumilia miezi minane, boti ikienda na kurudi, mpaka nilipopeleka posa Chumbi kwa binti niliyempenda. Baba yake, mkulima wa mpunga, hakuuliza dini wala ukoo.

"Ndiye yule wa wali?" akamwuliza mshenga. "Mchele niulime kwa jasho, mkwe aukoroge?"

Wiki ile ile nikafunga mizigo. Shangazi alikuja stendi kuniaga, akanikabidhi bakuli lililofungwa kwa kitambaa, mafundo mawili.

"Usifungue hapa," alisema. "Na usimwambie mtu."

Basi lilipopita Mkuranga nikafungua. Ulikuwa wali mweusi, laini, unatembea. Nilionja. Ulikuwa mtamu kuliko ule wangu, wa mtu ambaye, kimya kimya, alikuwa ameurudia mara nyingi.