Makofi Matatu Juu ya Maji

Juzi nilirudi kijijini kwetu Ntobeye na kumkuta binti wa kaka yangu, ambaye sasa ndiye anayelima shamba letu, akifyeka mafunjo ya bondeni apate kuongeza matuta ya maharage. Alikuwa amebakiza hatua chache kufika kwenye jiwe ambapo maji hutokeza. Nikamwambia asimame.

"Shangazi, hata mafunjo nayo yana mwenyewe?"

Yanaye. Ngoja nikueleze, kama nilivyomweleza yeye.

Nilipokuwa na miaka tisa, sote tulichota maji kwenye kisima kilicho chini ya jiwe hilo. Humo viliishi visamaki visivyozidi urefu wa kidole changu cha mwisho, vyenye mkia mwekundu kama pilipili iliyoiva. Nimesoma vitabu vingi tangu hapo; jina lao la kitaalamu sijalipata, wala sijawaona kwingine. Sisi tuliwaita wenye maji. Kabla ya kuzamisha kibuyu uliyapiga maji makofi matatu, wasogee. Mmoja akiingia kibuyuni, ulimrudisha kwa kiganja, kisha ukaenda mwisho wa foleni. Ubaridi wa maji yale bado ninao mikononi, na harufu ya jani la mgomba tulilozibia mdomo wa kibuyu. Bibi alizoea kusema, "Mgeni hamfukuzi mwenye nyumba."

Mimi nikamleta mgeni huyo. Jirani yetu alikuwa amechimba bwawa la perege. Nikamwomba vifaranga vitano, nikavitia kisimani. Niliamini wenye maji wamedumaa kwa kukosa wakubwa wa kuwafundisha kula. Mvua zilizofuata perege walikuwa wamenenepa, na ukipiga makofi hukuona mkia mwekundu hata mmoja.

Jirani alicheka mpaka akashika mbavu. "Mwalimu uliyemleta amekula darasa!"

Bibi hakucheka, wala hakunichapa. Kwa siku tatu tulipapasa kati ya mizizi ya mafunjo, tukapata saba. Tuliwapandisha juu ya jiwe, kwenye kidimbwi ambacho perege hawawezi kukifikia. "Mlango huu sasa ni wako kuulinda," aliniambia.

Siku hizi maji yanatoka bombani. Kisima cha chini kimejaa tope, na perege wenyewe waliliwa zamani. Kilichobaki ni kidimbwi kile cha juu na kivuli cha mafunjo yake. Tulipiga magoti pembeni yake, binti akapiga makofi matatu huku akinicheka. Mkia mwekundu ukapita. Ukapita mwingine. Akaacha kucheka.

"Basi matuta yaishie hapa," alisema, akachomeka kijiti ardhini.

Nilikaa pale peke yangu baada ya yeye kwenda kupika. Samaki wapo, foleni haipo, wala vibuyu, wala sauti ya bibi ikihesabu makofi yetu. Zamani nilinuna kila nilipopelekwa nyuma. Leo ningesimama mwisho wa foleni ile hata kutwa nzima.