Begi la Turubai

Sogea karibu, wewe uliyekwenda shule na kuni kichwani na jembe begani, maana hili utalielewa bila kuelezwa mara mbili. Wiki hii mjukuu wangu Neema, anayekwenda kuanza chuo Iringa, aliniomba nimsindikize madukani hapa Mbeya tukachague begi la laptopu. Akanishikisha moja linalong'aa.

"Bibi, hili lina hadi tundu la kuchajia simu."

Nikalipindua ndani nje pale pale, muuzaji akinikodolea macho. Tundu lilikuwepo kweli. Mshono ndio ulikuwa wa kubahatisha. Nikamkumbuka mama.

Enzi zetu, miaka ya sabini, kule milimani juu ya mji tulikolima viazi na pareto, baridi ya Julai ilifanya vidole vigome kushika kalamu. Mama alitutilia viazi vya moto mifukoni mwa sweta. Njiani vilitupasha mikono, saa ya mapumziko tukavila. Madaftari tuliyabeba kwenye mifuko ya plastiki ya mbolea, iliyooshwa mpaka ikaacha kunuka, au karibu kuacha.

Nilipofika darasa la saba mfuko huo haukutosha tena. Vitabu vya hisabati vilikuwa vichache, tukivipeleka nyumbani kwa zamu, na mwalimu wetu alikuwa na sheria moja: "Kikilowa, kinarudi kabatini, na zamu yako imekwisha." Bila kitabu cha kusomea nyumbani, sekondari ningeisikia kwa wenzangu. Na pembe za kitabu zilikuwa zimeshautoboa mfuko wa mbolea, huku mvua za kwetu unazijua.

Baba mdogo alikuwa utingo wa lori lililopita Iringa kila safari. Akatuletea kipande cha turubai kuukuu, na fundi cherehani akakishona begi lenye mkanda mmoja wa bega na mfuniko mfupi. Mama hakulisifu. Alilijaza viazi, akalitundika kwenye boriti kutwa nzima, akauvuta mkanda kwa uzito wa mwili wake. Kisha akalimwagia ndoo ya maji. Viazi vikatoka vikavu.

"Hili litakufikisha," akasema.

Turubai lilikuwa bado na herufi nyeupe za lori, kwa hiyo wenzangu shuleni wakanipa jina siku ile ile.

"We Utingo, lori lako limelala wapi?"

"Liko mlima Kitonga, linapoza injini," niliwajibu, nikapita kwa maringo.

Zamu yangu ya kitabu ikafika, na mvua nayo ikafika. Nilitembea bila wasiwasi wowote, nikiisikia inavyopiga turubai. Nyumbani nikafungua begi: kitabu kimelowa nusu nzima. Mama alikichukua, akakaa mbele ya makaa, akafungua ukurasa mmoja mmoja na kuupepea kwa ncha ya kanga. Hakunigombeza. Alipomaliza akasema, "Hebu libebe, nikuone ulivyokuja nalo."

Nikalinyanyua nikaliweka kichwani.

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Kumbe begi likilala kichwani, mdomo unageukia pembeni, na mfuniko ule mfupi unabaki kupunga hewa. Lakini msichana wa kwetu angebeba vipi? Ndoo ya maji kichwani, kuni kichwani, debe la viazi kichwani. Begani tulijua jembe tu.

"Mwanangu," akasema akijifuta machozi, "nimelipima begi, nimesahau kukupima wewe."

Wala hakuniambia nijifunze kubeba begani. Alilirudisha kwa fundi, likaongezewa mfuniko mrefu wenye masikio mawili ya kufungia pembeni. Kitabu nilikipeleka kwa mwalimu. Alikifungua, akakinusa.

"Kitabu hiki kimeiva," akasema, na darasa zima likaangua kicheko. Akakigeuza huku na huku, akaona maandishi yote yanasomeka, akanirudishia. Zamu yangu haikukatwa. Mvua zikaendelea, nami nikapita chini yake na begi langu kichwani, mpaka nikapita nalo mtihani, mpaka likapanda lori la baba mdogo pamoja nami kwenda sekondari Iringa.

Siku hizi barabara yetu ina lami, na mtoto anashushwa na bodaboda getini. Nafurahi kwamba halowi. Ila begi likifumuka linatupwa linanunuliwa jingine, na hakuna anayekaa kupepea ukurasa wa mtu mwingine kwa ncha ya kanga. Neema naye, mkono mmoja simu, begi lote analining'iniza bega moja. Sikumkosoa. Nilimwambia atie laptopu na vitabu vyake ndani, abebe hivyo hivyo anavyobeba. Lile linalong'aa lilianza kuachia mkanda kabla hajafika mlangoni. Tukachukua jeusi, zito, lisilo na tundu la kuchajia kitu.

"Bibi, hili ni kama la fundi wa bomba," akanung'unika.

"Litakufikisha," nikamwambia, na sauti iliyotoka haikuwa yangu peke yangu.

Basi nawe ukienda kumnunulia mtoto begi, nenda naye, na vitu vyake vyote vya siku. Vitie ndani, alibebe anavyobeba siku zote, atembee mpaka nje na kurudi. Kisha lipindue ukague mshono, ndipo ulipe.